Senge Hakumroga Mtu

Lowell, Massachusetts
Jumapili usiku

Kwa mdogo wangu Simiyu,

Nawasalimu nyote, wa hapo Free Area mjini Nakuru na wa kule nyumbani Chwele, kwa jina la Yesu. Mimi mzima, kazi inaendelea, baridi ndiyo hiyo hiyo, sina la kulalamika. Mwambie Mama njugu zilifika, ila nusu tu. Aliyezileta anasema mfuko ulipasuka kwenye uwanja wa ndege. Mimi simwamini, maana nilimwona anatafuna.

Sasa tuje kwa lililonifanya nikae chini kuandika badala ya kulala. Ujumbe wa Baba Mdogo wa Jumatano nimeusikiliza mara 3. Dakika 11 za sauti! Salamu dakika 1, lawama dakika 7, na zilizobaki ni hesabu: shilingi 85,000 za mganga, mbuzi mweusi, na nauli ya wazee watatu. Eti boma linataka kusafishwa kabla damu nyingine haijamwagika. Eti mimi niko kwenye dola, elfu themanini na tano kwangu ni pesa ya chai.

Simiyu, isome barua hii mbele ya wote siku ya kikao. Isome polepole, Baba Mdogo asije akasema hakusikia. Ukurasa wa mwisho usiusome, huo ni wako peke yako.

Kwanza mjue mnayeongea naye. Mwezi uliopita nimefaulu mtihani wa leseni ya uuguzi, na nimeupita mara ya kwanza. Darasani tulikuwa Wakenya sita, tukapita wanne. Kanisani walinisimamisha mbele nikapigiwa vigelegele, pilau ikapikwa, na mwenye duka la unga na sukuma hapa mtaani akanipa kilo mbili bure, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Kwa hiyo nikiongea habari za presha siongei kama yule Nafula aliyetoka Nakuru na sanduku la kamba. Hilo nalo lisomwe.

Haya. Nianze kwa kumsifu Baba Mdogo, kwa sababu amehesabu vizuri kuliko wengi. Hoja zake ni tatu. Kwamba kifo katika boma letu kinamngoja mtu afike hamsini na kitu. Kwamba kinachagua wanaume, wanawake kinawaruka. Na kwamba kinafuata damu ya Babu, waliooa na kuolewa hakiwagusi. Kwa hizo tatu amehitimisha kwamba kuna mkono wa mtu, na mkono huo ni wa Senge, shangazi yetu, kwa kuwa alirudi kutoka kwa mumewe, akadai lile shamba la chini ya mvule, na miaka 68 anayo bado anapanda ngazi ya ghala.

Baba Mdogo, hesabu yako ni sahihi. Uliyemtaja ndiye siye.

Nimevitoa vijitabu vya mazishi. Nilivibeba vyote niliporudi huku mara ya mwisho, mnakumbuka Mama aliniuliza kwa nini nabeba wafu kwenye ndege. Nimevitandaza hapa kitandani. Babu, 1932 hadi 1987, miaka 55. Baba Mkubwa, 1953 hadi 2006, miaka 53. Baba, 1956 hadi 2010, miaka 54. Na sasa Wafula ameanguka kwa kiharusi gerejini, chini ya gari alilokuwa akitengeneza, akiwa na 47, naye tunamshukuru Mungu yu hai. Kila kijitabu kina picha ya suti, kina orodha ya watoto na wajukuu, kina shukrani kwa chifu. Ukifika mahali pa ugonjwa, vyote vitatu vinasema neno moja: "baada ya kuugua kwa muda mfupi."

Muda mfupi! Baba alilalamika kisogo kinamuuma tangu mimi niko darasa la saba. Alikuwa akifunga kitambaa kichwani na kumwagia maji. Daktari alimwambia presha, akameza dawa wiki mbili, akajisikia sawa, akaacha, pesa ya dawa ikanunua mabati. Miaka kumi na mitano, sisi tukaandika muda mfupi. Nami ndiye niliyeandika maneno ya kile kijitabu nikayatuma kutoka huku, kwa hiyo sijitoi.

Sasa nisikilizeni. Kuna mji unaitwa Framingham, kutoka hapa Lowell ni kama dakika 45 kwa gari (gari langu mwenyewe, RAV4, deni limebaki kidogo). Siku mbili kwa wiki nahudumia mzee mmoja huko, ana miaka 81. Mwaka 1948 madaktari waliingia katika mji huo wakaandikisha watu 5,209, wanaume kwa wanawake, wa miaka 30 hadi 62, wakawa wanawapima kila baada ya miaka miwili. Hawakuwatafuta wagonjwa. Walichukua watu wazima wa afya zao, wakakaa wakingoja waone nani ataugua moyo na nani hataugua, na wenye kuugua walikuwa na nini kabla. Baba na mama wa mzee wangu walikuwemo. Mwaka 1971 wakawaita watoto wao, naye akaingia. Mwaka 2002 wakawaita wajukuu. Vizazi vitatu, Baba Mdogo. Yule mzee ana faili nene kama Biblia ya madhabahuni, na siku ya kwanza aliponionyesha nilikaa nikavikumbuka vijitabu vyangu. Wao wameandika namba za watu wakiwa hai. Sisi tunaandika tarehe wakishakufa.

Huko ndiko neno hili la vihatarishi lilikoenea duniani, yaani mambo ambayo mtu akiwa nayo, ugonjwa unamkaribia zaidi. Na katika yale yasiyobadilika, yanayotangulia ni hayo hayo yako matatu: umri, kuwa mwanamume au mwanamke, na uzao. Ulichokiona Chwele si siri ya boma letu. Madaktari wa Framingham walikiona kwa Wazungu ambao Senge hajawahi kuwasikia wala kuwadai shamba.

Kuhusu hamsini. Mishipa ya damu kijanani ni kama mpira mpya wa baiskeli, moyo ukipiga inatanuka kisha inarudi. Miaka ikienda inakakamaa. Moyo ule ule, damu ile ile, lakini sasa inapita kwenye bomba gumu, basi presha inapanda. Na presha haiumi, huo ndio ubaya wake. Inaweza kuanza kwenye thelathini ikawa inakwangua mishipa ya ubongo na figo miaka ishirini, mtu analima, anaoa, anacheza mpira wa kanisa. Siku mshipa unapopasuka au kuziba, ninyi mnaona ameanguka leo. Uchawi wa kungoja miaka ishirini mnaujua wapi? Mchawi gani ana subira hiyo?

Kuhusu wanaume. Hapa nataka wanawake wote wa boma wawe wamekaa, Nekesa asijifanye anaosha vyombo. Ni kweli wanaume huanza kuugua moyo mapema kuliko wanawake, kwa wastani kama miaka kumi mbele. Mwanamke akiwa bado anaona siku zake, homoni za mwilini zinamkinga kwa kiasi. Hedhi ikikoma, kinga hiyo inapungua, mafuta mabaya kwenye damu yanaongezeka, presha inapanda, naye anaanza kumfikia mwanamume. Ndiyo maana huku wakikuuliza habari za ukoo wako, baba au kaka akiwa ameugua moyo kabla ya 55 wanaandika kwamba ni mapema. Kwa mama au dada wanaandika mapema kabla ya 65. Mipaka yenyewe wameitofautisha.

Lakini wanawake kuachwa, hapana. Kukhu, nyanya yetu, alikufa na nini mwaka 2020? Mnakumbuka miguu ilivyovimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo? Mnakumbuka alikuwa halali ila ameegemea mito mitatu, akilazwa chali anakosa pumzi? Ule ni moyo uliochoka kusukuma, na presha ya miaka mingi huuchosha hivyo hasa. Alikuwa na miaka 85. Wanaume wakiondoka tukasema wamerogwa, yeye akiondoka tukasema uzee. Na Senge mnayemwona ana nguvu, Nekesa alimpeleka kwa kemia Chwele mwezi wa nne akapimwa presha, ikasoma 170. Dawa anazificha kwenye kopo la Kimbo kwa sababu anaogopa mkiziona mtasema ni za uganga. Mama mzima anaficha kidonge cha presha katika boma la kaka yake. Hilo ndilo limenikasirisha kuliko hata ile elfu themanini na tano.

Halafu tuseme na lingine, wanaume wasinune. Si homoni peke yake. Mwanamke akishika mimba anapimwa presha, anapimwa damu, akipeleka mtoto kliniki anaona muuguzi. Mwanamume wa kwetu anaonana na muuguzi akiwa amebebwa. Ongeza sigara ya Baba Mkubwa, busaa ya Babu, na chumvi ya kuongeza mezani kabla hata ya kuonja. Tumerithi damu, ndiyo, lakini na chungu tumekirithi.

Kuhusu damu yenyewe. Hapa watu wengi hukosea, na mimi nilikosea mpaka niliposoma. Yako magonjwa yanayorithiwa kwa kitu kimoja tu. Mtoto wa Mama Mdogo wa Kisumu, yule mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu, ni hivyo: baba amebeba chembe moja ya urithi, mama amebeba moja, wao wazima kabisa, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne mtoto akazichukua zote mbili. Msichana au mvulana ni sawa, na hangoji hamsini, anaanza akiwa bado ananyonya. Wanaobeba moja tu malaria kali huwapata kwa shida, ndiyo maana imekaa sana kando ya ziwa. Mama Mdogo naye aliambiwa amelaaniwa na mama mkwe, akalia miaka miwili.

Presha haiko hivyo. Wala sukari hii ya ukubwani. Hizo ni vitu vidogo vingi sana, kila kimoja kinasukuma kidogo, nusu ya uzao wako ikitoka kwa baba na nusu kwa mama. Si lazima urithi vyote, urithi tu vya kutosha, kisha ongeza umri na chumvi na tumbo. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawafanani. Na ndiyo maana Mama asijione yuko nje ya kikao, maana mama yake alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, na sisi watoto tumechota visima vyote viwili.

Sasa nifike mahali ninapopapenda. Baba Mdogo, wewe una miaka 59. Baba yako alikufa 55, kaka zako 53 na 54. Ni wewe peke yako mwanamume wa damu ya Babu uliyeivuka 56. Nilipovitandaza hivi vijitabu nilikaa nikijiuliza, mbona huyu amepita? Kisha nikakumbuka. Mwaka 2021 ulinipigia simu usiku, ukasema nikutumie elfu mbili, amlodipini yako ya presha imekwisha na mshahara haujaingia. Nikakuuliza tangu lini unaimeza. Ukasema tangu walipokupima presha kwenye zahanati ya kiwandani, ulipokuwa mlinzi, una miaka 43. Kila asubuhi na chai, hujakosa. Damu ni ile ile ya Babu, mwanamume ni mwanamume, hamsini umeifika na kuipita, na Senge uko naye mpaka mmoja wa shamba. Tofauti yako na kaka zako ni kidonge kimoja. Na wewe ndiye unayetafuta mganga!

(Pia nasikia siku hizi unaamka mara nne usiku kwenda nje, na umewaambia watoto kuna kitu kinakuita. Kwa umri wako mara nyingi kinachoita ni tezi dume iliyovimba, au sukari. Nenda ukapimwe vyote viwili. Simiyu, hapa usicheke ukisoma.)

Na kwa yeyote atakayesema haya ni ya maskini wasio na daktari: Rais Roosevelt wa Marekani alikufa kwa kiharusi Aprili 1945, ana miaka 63. Alianza kwa kulalamika kichwa kinamuuma nyuma, kama Baba. Presha yake siku hiyo ilisomeka 300 kwa 190. Madaktari wake walikuwa wakiiona inavyopanda, lakini wakati ule dawa nzuri hazikuwepo, na wengi waliamini ni kawaida ya umri. Miaka mitatu baadaye ndipo Framingham ikaanza. Yeye dawa hazikuwepo. Baba zilikuwepo, za shilingi chache, akanunua mabati.

Pesa. Elfu themanini na tano situmi. Mbuzi mweusi mchinjeni mle. Natuma 30,000, na natuma kwa simu ya Nekesa, si kwa yeyote mwingine, na sababu inajulikana na yeyote anayeiendesha ile pikipiki iliyotokana na pesa ya tangi la maji. Pesa hiyo ni ya Wafula: figo zipimwe, sukari, mafuta ya damu, na dawa za miezi mitatu. Desemba kuna mtu anakuja Nakuru, atabeba mashine ya presha, ya kufunga kwenye mkono juu ya kiwiko. Mtu akae kitako dakika tano, mgongo umeegemea, asiwe ametoka kunywa kahawa wala kugombana. 120 kwa 80 ni nzuri. 140 kwa 90 na zaidi, ikirudia siku nyingine, huyo aende hospitali. Waanze vijana, si wazee. Mtoto wa Wafula ana miaka 24 na baba yake kaanguka 47, asingoje hamsini.

Nekesa, wewe ulipata kifafa cha mimba, kile cha presha kupanda, mwaka 2017 ukiwa na mimba ya Joy. Najua mtoto alipona na wewe ulipona na mkasahau. Mwili haujasahau. Mwanamke aliyepita hapo, hatari yake ya moyo na kiharusi baadaye ni karibu mara mbili ya asiyepita. Uwe wa kwanza kwenye foleni.

Na siku nyingine mtu wetu akianza kuangusha spana, mdomo ukipinda, chai ikamwagika pembeni kama ilivyommwagikia Wafula, msimpeleke kwanza kuombewa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa hospitali iliyo nayo, ina saa nne na nusu tu tangu dalili ianze. Wafula alikaa siku mbili. Maombi yanasikika hata kutoka kwenye matatu.

Ni mimi wenu,
Nafula

.....

Simiyu, hapa ni mimi na wewe.

Mwezi wa pili, siku ya kwanza ya kazi mpya, tulifundishana kupima na nikajitolea mkono. 158 kwa 102. Msichana wa Kihaiti aliyekuwa ananipima alidhani mashine mbovu, akarudia. Nina miaka 44. Sasa nameza kidonge kimoja jioni na imeshuka, kwa hiyo hakuna cha kulia. Usimwambie Mama. Nitamwambia mwenyewe nikija, akiwa ameshika kitu cha kufanya mikononi.

Kazi ni mbili, usiku na mchana, usiniulize ninalala lini. Juzi wakati wa theluji nilisimama dirishani kwa mzee, nikasikia harufu ya moshi wa mahindi ya pale stage, kabisa, nikageuka nitafute nani anachoma.

Mazishi ya Baba sikuja. Nilisema ni makaratasi, na yalikuwa makaratasi, lakini pia nauli nilikuwa nimeipeleka kwenye jeneza na mahema. Nilituma laki moja na ishirini azikwe vizuri. Miaka yote aliyokuwa hai sikuwahi kumtumia mashine ya elfu tano. Mimi nimesoma, wewe umesoma, na hatukumuuliza hata siku moja namba ngapi.

Wewe una 39. Umekuwa ukisema huna muda. Pale mbele ya stage kuna kemia wanapima kwa shilingi hamsini, niliona nilipokuja. Kesho kabla hujafungua duka pita pale. Kisha uende Chwele Jumamosi, ukae kwa Senge, unywe chai yake mbele ya watu wote, na lile kopo la Kimbo uliweke juu ya meza.

Niandikie ulichopata. Namba zote mbili, ya juu na ya chini.

N.